Wakurugenzi Wawili

Mdogo wangu ana duka lenye mashine moja ya fotokopi na kiti cha kuzunguka, na kwa sababu ya kile kiti anajiita Mkurugenzi. Simu yake ameibatiza jina hilo hilo. Ya mkewe pia, eti kwa kuwa yeye ndiye aliyeinunua. Sisi dada zake wawili humwita jina hilo huku tumeuma midomo tusicheke.

Mama alipofariki, simu yake ilibaki kwangu, betri imevimba hadi mfuniko haufungi. Ndani yake mlikuwa na sauti aliyoirekodi alipozidiwa. "Nimewawekea maneno humo," aliniambia, "myasikilize mkiwa pamoja." Hatukuwa na sauti yake nyingine popote, na simu ile ingeweza kuzima moja kwa moja wakati wowote. Nikataka kuipeleka kwa fundi. Siku tuliyokutana wote nyumbani kwa mama, Mkurugenzi akanicheka.

"Fundi wa nini, dada? Nairusha kwangu, bila waya, bila bando. Kisha nawarushia nyinyi."

Kurusha anakujua sana. Alimrusha mama mwenyewe mwaka mzima kwa ahadi: nakuja Jumamosi, nakuja mwisho wa mwezi. Alipokuja, alipiga picha amemshikia mama kijiko, akaisambaza kwa watu wamsifu, akaondoka kabla supu haijapoa.

Akatoka na simu kwenye ujia, eti aipime kwanza. Mlango ule haufungi vizuri. Nikamsikia mama: "Huyu mdogo wenu..." Sauti ikakatwa. Aliporudi, pua ilikuwa imemtoka jasho.

"Ina kelele nyingi," akasema. "Nitaenda kuisafisha nyumbani, nikatekate kidogo."

Kusafisha! Mtu ambaye hata kikombe chake hajawahi kukiosha.

Akaziweka simu mbili mezani, yake na ya mama, zikabusiana. Kwenye kioo cha simu ya mama, katika orodha ya simu zilizo karibu, wakatokea Wakurugenzi wawili. Akabonyeza wa juu bila kufikiri, maana yeye wa chini hajawahi kuwa. Ilipoandika kwamba imetumwa, nikaona kidole chake kinakimbia: akaifuta palepale kwenye simu ya mama. Ndipo akaitafuta kwake. Akatafuta tena.

"Faili lilikuwa bovu," akasema. "Limepotea."

Dada yetu wa pili akaanza kulia. Mimi nikamtazama mwanamume mzima yule, nikaona aibu kwamba tumelala tumbo moja.

Mkewe akatokea jikoni, mkono mmoja una povu, mwingine una simu. "Baba watoto, umenirushia nini? Nilidhani picha za msiba, nikakubali tu." Mumewe akaruka kutoka kitini, lakini wifi alikwishabonyeza.

Mama akakohoa. "Huyu mdogo wenu msimseme sana," akasema. "Ana kazi nyingi. Akija, msimwambie kwamba nilikuwa namsubiri."

Basi, ni hayo tu. Nilikuwa nimemwekea akiba ya maneno makali, na yote yakanikauka mdomoni. Mkurugenzi akamnyooshea mkewe mkono, akaomba arushiwe.

"Usimrushie," nikamwambia wifi. "Irudie hapa hapa."

Wifi akairudia. Safari hii mdogo wangu aliisikiliza mpaka mwisho, na sisi tukamtazama usoni.