Mama wa Ndani ya Gari

Hebu niambie wewe: ungekuwa na mgeni anayekwambia maneno yaleyale kila asubuhi, kwa lugha usiyoijua, ungemjibu nini?

Mume wa Bi Cherehani alikuwa akijibu, "Asante mama, na wewe pia." Gari lilikuwa jipya kwao, ingawa huko Japani lilikotoka lilishakula chumvi yake. Kila akiliwasha, kioo cha redio katikati ya dashibodi kinawaka, zinatokea herufi kama nyayo za kuku kwenye majivu, kisha sauti ya mwanamke, laini, yenye heshima zake, inasema yake na kunyamaza. Mzee akaamua kuwa ile ni salamu.

"Wenzetu wana adabu," alisema. "Hata gari linakuamkia."

Bi Cherehani, aliyepewa jina hilo kwa kazi yake ya kushona, hakusadiki. Salamu gani isiyosubiri jibu?

Lakini tuseme kweli yote. Alichokitaka mama huyu ndani ya gari lile hakikuwa redio. Alitaka kuendesha. Tangu siku lilipoingia getini alitamani aliwashe mwenyewe, atoke nalo akanunue vitambaa vyake, arudi anapotaka, bila kumwambia mtu nisubiri kidogo. Ila kila akitaka kulisema hilo, ulimi unakuwa mzito. Mtu mzima, ana wajukuu, miguu yenyewe inavimba jua likichwea, watu watasemaje? Basi anafungua mdomo kwamba leo nalisema, linatoka jingine kabisa.

"Hivi, baba watoto, hii redio haiwezi kushika stesheni zetu?"

Alivyouliza mara nyingi vile, mumewe akajua mkewe ana kiu ya redio. Akampa funguo. "Kaa humo uichunguze mpaka uchoke. Ila usilisogeze."

Kisingizio kikapatikana. Kila alasiri, nyuzi akishazikata na cherehani akishaifunika, Bi Cherehani alikwenda uani, akaketi kiti cha dereva, akakisoma kile kioo kama anavyoisoma nguo iliyoshonwa na fundi mwingine: unaigeuza ndani nje, unatafuta mshono ulikoanzia. Zile herufi hazikumwambia kitu. Akachukua chaki yake ya kukatia vitambaa, akaweka alama pembeni mwa kioo. Nukta, hapa sauti hupanda. Mstari, hapa redio, japo inakoroma tu. Msalaba, usiguse, yule mama ataanza kuhutubia na hatanyamaza. Siku moja alibonyeza penye picha ya nyumba, ikaja ramani, na gari lao, kimshale chekundu, likawa peke yake katikati ya maji ya buluu, nchi kavu haionekani upande wowote. Alicheka hadi jirani akachungulia juu ya ukuta.

"Kuna nini humo, shoga?"

"Tumezama!"

Na akishachoka na kioo, mguu wake ulishuka taratibu kwenye breki, mikono ikashika usukani, naye akakata kona ambazo hazipo. Jirani akichungulia tena, mkono unarudi upesi kwenye redio.

Jumamosi moja mumewe akarudi na fundi wa redio za magari, bonge la mtu mwenye tochi kichwani. Bi Cherehani alikuwa palepale kitini. Fundi akachomeka kichwa dirishani, akaziona alama za chaki.

"Nani huyu kalipima gari? Linashonewa suti?"

"Linashonewa adabu," akasema Bi Cherehani. "Fundi, kabla hujagusa kitu. Huyu mama anasema nini?"

"Anatuamkia," mumewe akadakia.

Fundi akazungusha funguo, sauti ikasema yake, herufi zikatokea. Akazielekezea kamera ya simu, simu ikazigeuza. Akasoma, akaanza kutikisika mabega.

"Anasema kadi haijaingizwa. Kwao kuna barabara za kulipia, kadi inakaa kwenye kijisanduku hapa chini. Kila asubuhi anawaambia kadi haipo."

"Nami namwambia asante," mzee akasema polepole.

Fundi alicheka mpaka akashikilia mlango. "Asiyejua maana haambiwi maana, mzee wangu!"

Bi Cherehani hakucheka. "Na asipowekewa?"

"Kesho anasema tena."

"Kwa sauti ileile?"

"Ileile, mama. Wala hanuni."

Bi Cherehani akakitazama kioo. Fundi naye akaendelea na kazi yake: redio ile iliundiwa masafa ya huko kwao, stesheni zetu nyingi ziko juu zaidi, haizifikii. Kuna kifaa cha nyongeza cha kuzishusha, lakini sauti yake ni ya kubahatisha. Bora kuing'oa yote. Anayo nyingine kwenye begi, inasema lugha ya watu, muda si mrefu amefunga.

"Ifunge," mzee akasema, uso umemng'aa. "Mke wangu apumzike sasa. Kila siku kajikunja hapo kwenye kiti cha dereva, mgongo utamuuma. Funguo zirudi kwangu, na wewe, mama watoto, utasikiliza ukiwa umekaa upande wako, umejinyoosha." Akaonyesha kiti cha pili. Alisema kwa mapenzi kabisa, na hapo ndipo palipokuwa pagumu.

Fundi akachomeka bapa lake la kubandulia plastiki kwenye ukingo wa dashibodi. Kak! Plastiki ikaachia upande mmoja.

"Mama, nipishe kidogo."

Hakuinuka.

"Mama watoto, mpishe fundi afanye kazi."

"Fundi, ngoja kwanza."

"Kuna kilichovunjika?"

"Hakuna. Irudishe tu. Redio iko sawa."

"Iko sawa wapi, na inakoroma?" mumewe akashangaa. "Si wewe uliyeniimbia redio, redio, tangu gari lije?"

"Iache ikorome." Bi Cherehani akamgeukia mumewe. Mikono ilikuwa kwenye usukani, na safari hii hakuiondoa. "Baba watoto, mimi redio sikuitaka. Nataka unifundishe kuendesha."