Mistari ya Kifuani

...basi tuhesabu waliopo, kwanza mimi, pili mdogo wangu, fundi cherehani, kwenye kiti cha kushoto kwangu, tatu Mama Sweta anayefuma, sindano zake zinagongana tangu tulipoingia, nne Dereva mwenye bandeji ya taya, tano nesi wa mapokezi na simu yake sikioni, sita kofia, maana mdogo wangu ameiweka kofia yake kwenye kiti cha pembeni kumshikia nafasi Mzee Redio, ambaye leo kwa mara ya kwanza amechelewa, majina yao kamili ninayo daftarini, matatu matatu kila mmoja, kwa herufi kubwa, lakini humu ndani hayana kazi tangu mdogo wangu alipoanza kubatiza watu upya, mimi mwenyewe ni Rejista... sita, na nahesabu kwa sababu nikiacha kuhesabu nitaitazama shingo ya shati la mdogo wangu, na nikiitazama nitasema, kifungo cha juu amekifunga, yeye asiyekifunga hata msibani, na chini ya kifungo hicho kuna mistari ya uongo, mistari ya kweli ilichorwa siku ya kwanza, tumetoka safari ya siku mbili, miguu imetuvimba, mpimaji wa mionzi, binti mpole mwenye vidole vya baridi, akamchora kwa wino wa zambarau msalaba kifuani na mwingine ubavuni, ili mashine ijue pa kuulenga ule uvimbe, naye kifua wazi anamwambia, "Mwanangu, hapo mkono umetetemeka, ingekuwa suti ya bwana harusi, mguu mmoja wa suruali ungeburuta," binti akacheka mpaka akaweka kalamu chini, kisha akatupa masharti, mistari isiguswe na sabuni, isisuguliwe, nami sikumsikia, nilikuwa nimeinama naandika jina lake, nimemwomba anitajie herufi moja moja, lake, la baba na la babu, jina nikalipata sahihi kabisa na onyo lote likanipita... jana saa kumi na moja jioni miguu ilimwishia nguvu, nikamkalisha kwenye kigoda, bafuni kwa mwenye nyumba wetu, nikamsugua, maana nimelelewa na shule ile ya mwalimu mkuu mwenye fimbo ya mwanzi, ukaguzi kila Jumatatu, kucha, shingo, nyuma ya masikio, ukikutwa na alama unarudishwa mtoni, nikaona alama, nikasugua, hazitoki, nikaongeza sabuni, zikatoka, na Mungu anisamehe, nilifurahi, yeye amesinzia, kichwa begani kwangu, mwepesi kama siku ile nilipombeba mgongoni kwenda kuchanjwa, analia yeye, nalia mimi, mama nyuma yetu anauliza hivi anayechanjwa ni yupi... alipozinduka akajitazama kiooni, akasema, "Kaka, umefua kitambaa kabla hakijakatwa," akacheka peke yake, akatoa futikamba, ile asiyoiacha hata akija hospitali, akaomba kalamu yangu ya daftari, akajichora upya, ulimi nje, jicho moja amelifumba, "Miaka arobaini nachorea watu, nitashindwa kwenye ngozi yangu?" na alipomaliza akanitazama, "Usiseme, kaka, wakijua watanipima upya, foleni ya vipimo si chini ya wiki, tumebakiza mara sita tu kati ya ishirini na tano, na gauni la harusi ya binti yangu halijawekwa mikono," nikaapa, nimeapa mimi, mzee mzima... "Kaka, mbona unahesabu kwa midomo?" "Sihesabu." "Unahesabu, umefika tano, Dereva kakuona," na Dereva anatikisa kichwa, kucheka hawezi, taya, anacheka kwa mabega, na kama mistari aliyojichora imepinda nusu inchi, nusu inchi kwenye koti ni koti la kubana, mteja atanung'unika na kulivaa hivyo hivyo, nusu inchi kifuani ni moyo kuunguzwa, au ni uvimbe unabaki pale pale unatucheka... nesi anasema simuni, "...ndiyo, homa, tangu juzi... hapana, hakutuambia...", homa, nani ana homa, wiki iliyopita Mzee Redio alitusimulia, redio yake ndogo imelala mapajani, "Mimi homa naificha, nikimwona nesi naweka barafu mdomoni, kipimajoto chenyewe kinanipigia saluti, wasije wakanikatishia mionzi bure," chumba kizima kikaangua kicheko, na mimi nikacheka, mara ya kwanza tangu tuje nikacheka mpaka meno ya bandia yakacheza, na mdogo wangu akampa mkono, "Wewe ni fundi mwenzangu," "...sawa, nitawaambia wenzake," nesi anaweka simu chini, na mimi nimekwishasimama, sijui nimesimama saa ngapi, nasikia sauti yangu ileile ya kuitikia rejista, "Nesi, mistari ya mdogo wangu imefutika, niliifuta mimi kwa sabuni, hii aliyonayo kajichora mwenyewe," sindano za Mama Sweta zimenyamaza, "Kaka! Na kiapo?" "Nimekivunja." "Shule yote ile!" "Shule yote ile," nesi ananitazama mimi, anamtazama yeye, "Afadhali umesema, babu, leo hatalala kwenye ile mashine mpaka apimwe upya, kaeni, namwita mpimaji," tunakaa, viti vilevile, naye anafungua kifungo cha juu, na cha pili, anavuta pumzi mpaka nasikia ikifika chini, "Kilikuwa kinaninyonga, nakuambia kweli, sikulala, lakini mwambie aje na rula, tulinganishe, tuone nani kanyoosha," na anaushika mkono wangu, anaubana, sindano zinaanza tena kugongana na Mama Sweta anasema, "Fundi, wewe hata siku ya sanda utainuka kukagua pindo," na anayecheka zaidi ni yeye mwenyewe, wiki, basi wiki, nitakaa wiki, nitakaa mwezi, nitalishika gauni yeye akishona mikono, nitamsugua kila mahali isipokuwa hapo, na nesi amerudi, anapita mbele yetu mpaka kiti cha pembeni, anaichukua kofia, anaikung'uta vumbi lisilokuwepo, anaiweka mapajani kwa mdogo wangu kwa mikono miwili. Mzee Redio alifariki jana, saa kumi na moja jioni.