Barafu Isiyotoka Jasho

Baridi alivitikisa vichupa viwili kwa mkono mmoja, akaviweka mezani, akainama mpaka macho yakawa sawa navyo. Miaka kumi na tisa alikuwa mtunza jokofu la chanjo pale hospitali. Ndiko jina lilikotoka, ingawa wengine walisema limetokana na uso wake.

Kichupa cha kulia alikigandisha makusudi kiwe cha kulinganishia, kikayeyuka. Cha kushoto kilitoka kwenye boksi la dozi arobaini. Kikikawia kutuama kuliko kile cha kulia, dozi ni nzima; vikituama sawa, nazo ziliganda zikaharibika. Unga mweupe ukaanza kushuka katika vyote viwili, bega kwa bega, kama ndugu wanaoteremka ngazi. Juu yakabaki maji.

Jana umeme ulikatika. Chanjo hii mpya ya homa ya ini ililetwa kwa wagonjwa wa figo tu, maana ina kichocheo cha kuamsha kinga iliyolala. Mdogo wake alikuwa mmoja wao. Ile ya zamani alichomwa mara tatu na damu haikuitika. Mwezi uliopita, mgonjwa anayesafishwa damu kwenye mashine ya pili, pembeni yake, alikutwa na ugonjwa huo. Basi Baridi akaogopa joto. Akazipanga pakiti za barafu kuzunguka chanjo zikiwa ngumu kama mawe, bila kungoja zitoke jasho zisije zikaigandisha, kosa ambalo amewafokea wenzake miaka yote.

Muuguzi akachungulia mlangoni. "Mzee Baridi, unazichemsha hizo? Watu wameshapandisha mikono ya nguo."

Angeweza kumpa mdogo wake tu. Chanjo iliyoharibika ni kama maji, haiumizi mtu, na hapakuwa na mwingine ambaye angevitikisa vichupa. Mdogo wake angerudi nyumbani anacheka.

"Ziliganda," alisema.

"Nani kazigandisha?"

"Mimi."

Muuguzi akaondoka. Baridi akaandika kwenye boksi, herufi kubwa: ZISITUMIKE. Halafu akaenda mwenyewe chumba cha mashine. Mdogo wake alikuwa kitini, damu yake ikizunguka kwenye mirija, mkono mwingine wazi mpaka begani.

"Umechelewa, kaka. Bega limeshaingia baridi."

"Shusha, mdogo wangu. Nimeziharibu."

Mdogo wake akauliza nyingine zitakuja lini. Akaambiwa miezi mitano, pengine sita. Hakumlaumu. Alishusha mkono wa gauni taratibu, akafunga kifungo. Kisha akaitazama mashine ya pili, akakisogeza kiti chake mbali nayo, upande wa dirisha, kadiri mirija ilivyoruhusu.