Hakuna Aliyemuuliza

"Ogaf! Ogaf!"

Mdogo wangu Thuwein alipiga ukelele huo kwa Kiarabu, yaani simama, kiganja amekibandika kwenye kioo cha mbele kama anayetaka kulizuia gari kwa mkono. Binti yake Nada, aliyekuwa akiendesha, alikanyaga breki kwa nguvu zote. Tukaserereka kwenye changarawe, tukasimama mbali kabisa na mfanyakazi wa barabara aliyetuinulia kibendera chekundu. Yule bwana, uso ameuzungushia kitambaa kwa ajili ya vumbi, wala hakushtuka. Hapakuwa na hatari yoyote. Lakini Thuwein alikuwa bado anakisukuma kioo kwa kiganja.

Mimi nilikuwa nimekaa nyuma. Kazi yangu hapa Dubai ni kufundisha wanawake kuendesha gari, na nimeshaona kila aina ya hofu mbele ya usukani. Hofu ile haikuwa ya barabara ya kwenda Hatta, milimani. Ilitoka mbali.

Safari ile niliilazimisha mimi.

Nada alikuwa amekuja kwangu Jumeirah Village Circle mwezi wa Mei, na begi moja na macho yaliyovimba. Chuo chake huko Ohio kilikuwa kimemsimamisha masomo. Yeye na wenzake walipiga mahema kwenye bustani ya chuo, wakidai chuo kiache kuwekeza fedha zake kwenye viwanda vinavyounda mabomu ya kupelekwa Gaza. Polisi wakaja, wakawafunga mikono, na picha yake ikaonekana kwenye televisheni. Baba yake alimngojea sebuleni.

"Nyumba hii imejengwa na jeshi," alimwambia. "Kama humtaki aliyekujengea, mlango ule pale."

Nada akatoka. Ana ukaidi wa ukoo wetu.

Ili nieleweke lazima nirudi nyuma. Sisi ni watoto wa Unguja tuliokulia Dubai. Thuwein alikwenda Amerika kijana, akasoma kidogo, akaoa, akakaa. Baada ya yale mashambulizi ya Septemba, majirani waliokuwa wakimpungia mkono wakaanza kumtazama kwa pembeni, na ukuta wa msikiti wao ukaandikwa matusi. Jibu lake lilikuwa kujiandikisha jeshini. Walimtaka kwa sababu ya Kiarabu chake, wakampeleka Iraq kuwa mkalimani. Aliporudi walimpa uraia, wakamlipia chuo, wakamsaidia kupata nyumba. Kwenye mechi walimsimamisha uwanja mzima ukampigia makofi. Uwanja wa ndege, hata hivyo, kila safari walimtoa kwenye foleni wakamkagua hadi soli za viatu, kwa ajili ya jina lake. Yeye aliyapokea yote mawili bila kusema neno. Nada alikulia hapo, katikati ya makofi na upekuzi, na baba ambaye kila akitajiwa Iraq alikwenda kufyeka majani nje.

Nilimpigia simu Thuwein.

"Mwanao yuko kwangu. Njoo."

"Da Hilwa, nina kazi."

"Sikukuuliza una nini. Kamati ya chuo inamsikiliza mwezi ujao, na mtoto hana mtu wa upande wake. Njoo."

Alikuja. Siku ya kwanza walipishana kwenye ukumbi wa fleti yangu kama wapangaji wasiojuana. Siku ya pili vivyo hivyo. Nikaona hapa nikiwaachia watamaliza likizo hivi, kisha watamaliza na maisha. Asubuhi nikachukua ufunguo wa gari.

"Nada ataendesha," nikasema. "Wewe Thuwein utakaa mbele naye. Mimi nyuma. Tunakwenda Hatta, na haturudi mpaka mzungumze."

Kazi yangu imenifunza kwamba watu husema kweli upesi zaidi wakiwa wote wanatazama mbele. Siku hiyo hawakusema kitu. Jangwa likapita, milima ikaanza kuinuka, myekundu na mikavu, na humo garini ilisikika sauti ya kiyoyozi tu. Mpaka kile kibendera.

Nikamwambia Nada asogee pembeni na awashe taa za tahadhari. Akafanya. Kisha akamgeukia baba yake, na bila hasira akauliza, "Baba, ulikuwa unamwambia nani asimame?"

Thuwein alikishusha kiganja, akakitazama. Nilitaka kumjibia. Nikajizuia.

"Lilikuwa gari jeupe, kuukuu," alisema. "Tulikuwa kwenye kizuizi cha barabara, na kipaza sauti nilikuwa nacho mimi. Nikasema ogaf. Nilitamka vizuri, kwa lafudhi ya kwao. Halikusimama. Labda lilikuwa halina breki. Labda yule baba aliyeliendesha alikuwa amewasha redio. Mpaka leo sijui. Wakapiga risasi."

"Nani walipiga?"

"Wenzangu." Akafikiri. "Sisi. Tulipiga sisi. Yule baba akafia kwenye usukani. Nyuma mlikuwa na binti yake, umri wako wa wakati ule, kiasi cha miaka mitatu. Hakupata hata mkwaruzo. Mkubwa wetu akaniambia nimtafsirie kwamba tunasikitika. Nikamtafsiria."

"Akakujibu nini?"

"Akaniomba maji."

Yule mfanyakazi alishusha kibendera, magari mengine yakatupita. Nada alikuwa analia, mikono bado ipo kwenye usukani.

"Mbona hukutuambia?"

"Ningemwambia nani? Kila nikitaka kufungua mdomo, mtu ananishukuru. Dukani, benki, msikitini. Ahsante kwa utumishi wako. Ukishashukuriwa, mazungumzo yamekwisha. Halafu nakuona wewe kwenye televisheni na bango lako, nikajua mwanangu ameshanihukumu."

"Sikukuhukumu, Baba. Nilikuwa sikujui."

Sitasema walikumbatiana, kwa sababu hawakukumbatiana. Thuwein alifuta uso kwa shati, akasema bado anaamini vijana wa mahema hawajui wanajeshi wanapitia nini. Nada akasema bado angerudi kwenye mahema kesho. Kisha akaomba nimpokee usukani.

"Hapana," nikamwambia. "Anayeshuka akiwa na hofu hapandi tena. Pumua, tazama vioo, yalla, twende."

Akaendesha mpaka Hatta, baba yake akimwelekeza kona kwa sauti ya chini.

Siku ya kamati tulikaa watatu kwenye meza yangu ya chakula, jua la alasiri bado linaunguza pazia. Kwenye kioo cha kompyuta zilitokea nyuso za watu wastaarabu. Nada alijitetea vizuri. Halafu Thuwein akaomba nafasi, akajitambulisha. Mwenyekiti, mama mmoja mpole, akatabasamu.

"Kwanza kabisa, ahsante kwa utumishi wako."

"Ahsante nimezipata nyingi, bibi," Thuwein akasema. "Leo naomba swali."

 Mzee mmoja wa kamati akavua miwani.

"Ungependa tukuulize nini?"

"Niulizeni kama niliyoyafanya kule yaliilinda nyumba yangu."

"Je, yaliilinda?"

"Sijui. Nimerudi miaka mingi, na wa kwanza kutaka kujua ni huyu binti. Nyinyi mmemtoa darasani kwa kutaka kujua."

Hawakubadili uamuzi. Walisema atarudi baada ya muhula mmoja, akiomba radhi kwa maandishi. Nada akakataa kuomba radhi. Thuwein, ambaye miezi miwili nyuma angemlazimisha, alifunga kompyuta akasema, "Basi tutatafuta chuo kingine." Wakapata kimoja kidogo, karibu na nyumbani kwao Amerika, na Nada akarudi chumbani kwake.

Novemba walikwenda kupiga kura kwa gari moja, na wakazozana kwenda na kurudi. Jioni Nada akanipigia.

"Shangazi, tumegombana tena. Kwa sababu ya vita."

"Wapi?"

"Jikoni. Mama ametuchoka, ametuachia chai."

Nikamuuliza nani aliyeondoka mezani kwanza.

"Hakuna," alisema, na nyuma yake nikamsikia Thuwein akivuta kiti. "Bado tumekaa."