Sukari ya Matanga

Mbwa wa barabara ya Mamboleo walimzoea Kinyua hata wakaacha kumbwekea alfajiri alipopita akikimbia. Yeye aliona hiyo ni hasara. Mjini Kisumu watu waliomjali walikuwa wachache, na sasa hata mbwa wamemchoka.

Alikuwa na hoteli ndogo ya chai na mandazi karibu na soko la Kibuye. Tangu ghasia za kikabila za mwaka wa sitini na tisa, wengi wa watu wa kwao Kerugoya walikuwa wamefunga maduka wakarudi nyumbani. Yeye alibaki kwa ukaidi tu, asikudanganye mtu kwamba ni ujasiri. Wateja walikunywa chai yake huku wakizungumza Kijaluo kana kwamba yeye ni kiti.

Rafiki alikuwa mmoja: Obiero, fundi wa reli, mtu mwembamba aliyecheka hata akiwa mbioni. Kila alfajiri walikimbia pamoja hadi Mamboleo na kurudi, bila kocha, kwa raha yao. Watu wazima wenye kazi zao, wanakimbia na hakuna anayewafukuza! Soko liliwacheka mpaka likachoka.

Mwaka wa sabini na tatu Kinyua alikanyaga shimo, mshipa wa nyuma ya kisigino ukakatika. Obiero ndiye aliyempakia kwenye baiskeli hadi hospitali. Muda wote mguu ulipokuwa ndani ya plasta, alikuja jioni baada ya kazi, akakaa ukingoni mwa kitanda, akamsimulia nani amemzomea barabarani siku hiyo. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na Kinyua alimpenda kama ndugu wa tumbo moja.

Plasta ilipokaribia kutolewa, mama yake Obiero akafariki nyumbani kwao, karibu na soko la Kombewa.

Hapo ndipo Kinyua alipokosea, tena alikosea kwa adabu. Kule alikolelewa na bibi yake, nyumba iliyofiwa iliachiwa nafasi. Watu walituma msaada wakanyamaza, na mfiwa akirudi kazini hakuulizwa neno, asije akatoneshwa kidonda. Kwa hiyo Kinyua alinunua sukari mfuko mzima, akaituma Kombewa kwa basi. Obiero aliporudi mjini, Kinyua alimmiminia chai, akamwongelesha habari za mvua. Moyoni alijisifu kwamba amefanya jambo la heshima sana.

Obiero aliinywa ile chai nusu, akaondoka. Hakurudi tena.

Kinyua alidhani ni majonzi, akamngoja. Akajifunza kutembea upya peke yake. Kageha, muuguzi aliyemtoa plasta, alimshauri atembee ndani ya maji, nayo yatambeba. Basi kila asubuhi alishuka ziwani, akakunja suruali, akatembea maji yakimfika magotini huku akiangaza macho kutafuta viboko. Wanawake waliokuwa wakifua walimwona mwendawazimu. Mguu ulikuwa umekonda, hata yeye hakuutambua. Maumivu aliyaweza. Kilichomshinda ni kukosa mtu wa kumwambia, "Leo mguu umeniuma kidogo kuliko jana." Alipoanza kukimbia tena, akafika Mamboleo bila kuchechemea, alisimama pale njia panda akatazama huku na huku, akaona hana wa kumwonyesha. Akarudi kuchemsha chai.

Aliyemfungua macho ni Seline, muuza samaki wa kutoka Usenge, aliyekunywa chai hapo kila siku ya soko.

"Bwana Kinyua, kwani wewe na Obiero iko nini?"

"Sijui, mama. Tangu afiwe hanitaki."

"Ulienda kulia?"

"Nilituma sukari."

Seline akaweka kikombe chini. "Yawa! Sukari inalia? Huku kwetu rafiki anakuja mwenyewe. Anaingia boma na mbio, analia na sauti mpaka watu wasikie. Ukikosa, watu wanasema ulifurahi. Wengine wanasema hata ni wewe uliua."

"Sasa ni karibu mwaka, mama."

"Hata kama ni miaka kumi. Kaburi iko pale tu, haiendi mahali."

Aibu ilimshika Kinyua mpaka masikio yakamwaka moto. Alijua kwamba kila Sikukuu ya Madaraka Obiero hukimbia mbio za Kombewa, kwao. Siku ilipofika naye akapanda basi, nia yake amwombe radhi kabla ya kuanza. Lakini Obiero alimpa mkono kama anayempa mgeni wa serikali, akaenda kusimama upande mwingine. Filimbi ikalia.

Mguu ulikubali. Kinyua alimpita mmoja, akampita mwingine, hata akabaki nyuma ya watu wawili tu, Obiero akiwa wa kwanza. Watu kando ya njia walipiga kelele, na furaha ikampanda kifuani. Ndipo alipoliona boma la kina Obiero. Alilijua, Krismasi moja mama yule alimlisha samaki hapo, akamcheka jinsi alivyoogopa miiba. Kando ya nyumba yake, upande wa kushoto, palikuwa na msalaba.

Kinyua akaiacha barabara.

"Wewe! Njia iko huku!" watu wakamwitia.

Aliingia langoni kwa mbio. Alijaribu kulia kama alivyoambiwa, lakini mwanamume wa kwao hafundishwi kulia hadharani, na kilichotoka kwanza ni kikohozi. Kisha akaita, "Mama!" na kilio kikaja chenyewe, pamoja na cha mwaka mzima wa kuongea na masufuria. Wanawake wa boma wakatoka na mikono kichwani, wakalia naye bila kumuuliza yeye ni nani.

Akasikia mtu anahema nyuma yake. Ni Obiero. Habari ilikuwa imemkimbilia mbele, naye akageuka akayaacha mashindano.

"Umechelewa," Obiero akasema.

"Nimechelewa, ndugu yangu. Sikujua."

Obiero akautazama ule mguu kwa muda mrefu. "Huyu mama aliumwa sana. Kila Jumapili nikikuja, anauliza tu wewe. 'Yule rafiki yako wa hoteli, mguu yake imepona?' Hata siku ya mwisho aliuliza. Mimi nilikuwa na jibu gani, na mguu bado iko kwa plasta?"

"Mwambie nimepona."

"Mwambie mwenyewe."

Kinyua akapiga magoti kando ya kaburi, akamwambia.