Dakika ya Kungoja Redio

Niambie, mwenzangu: ukipewa fedha za kumponya mgonjwa, ukamrudisha nyumbani anaongea vizuri lakini ndani si yeye tena, utasema umemponya?

Sadiya alijiuliza hivyo njia nzima kutoka Arua mpaka Koboko, redio ya marehemu baba yao ikiwa mapajani, imefungwa kwa shuka ya maua. Ilikuwa redio ya mbao, nzito kama mtoto wa miaka miwili, kitambaa chake cha mbele kimegeuka rangi ya chai. Kaka yake Siraji, aliyepofushwa na kisukari, aliuza fahali wake kule Midia ili itengenezwe. "Itengenezwe vizuri," alisema. "Usibanie."

Na fundi Obeti, pale Onduparaka nje ya Arua, hakumficha kitu. Alifungua mgongo wa redio, akapuliza vumbi, akamwonyesha taa za kioo zilizosimama ndani kama vichupa vya dawa.

"Mama, hii iko na taa tano. Tatu imekufa. Kuzitafuta Kampala, labda Nairobi, ni mwezi mzima na laki sita."

"Laki sita! Si napata ng'ombe?"

"Ng'ombe haiimbi, mama." Obeti akacheka. "Ikipona na taa zake, watu wa vitu vya zamani watanunua milioni moja na nusu. Ama nikuwekee mashine mpya ndani, laki mbili, leo leo. Lakini hapo inabaki sanduku tu. Hata elfu hamsini hakuna mtu atakupa."

Sadiya alikuwa amechoka. Akawaza bati lake linalovuja juu ya kitanda. Redio ni redio, akasema moyoni, kipofu atajuaje? Neno hilo alilijutia kabla halijaisha, lakini mdomo ukatangulia: "Weka mpya." Salio akalifunga kwenye ncha ya mtandio.

Siraji alimngoja barazani, ameoga, amevaa kanzu safi kama mtu anayepokea posa. Akapapasa mbao, kioo, vifundo viwili.

"Mashallah. Fundi alichukua ngapi?"

"Laki sita, kaka." Uongo ulitoka laini kama samli.

"Allah akulipe. Mwingine angekula."

Lile fundo la mtandio likawa kama kaa la moto shingoni mwake.

Sadiya akachomeka waya. Siraji akazungusha kifundo, akaweka kiganja juu ya mbao, akainamisha kichwa. Papo hapo mtangazaji akaropoka bei ya mihogo. Siraji akaondoa mkono. Akaizima. Akaiwasha tena. Papo hapo tena, mihogo. Akaizima.

"Chai iko?" akauliza polepole.

Angemtukana, ingekuwa nafuu. Sadiya akamimina chai ya tangawizi. Akafungua fundo, akaziweka zile noti kwenye kiganja cha kaka yake.

"Nimekudanganya, kaka. Ndani si yenyewe. Fundi alichukua laki mbili tu. Nilikuwa nataka bati."

"Bati ungeniomba."

"Niliona haya. Nampigia Obeti sasa hivi, labda zile taa alizozitoa hajaziuza."

Siraji hakuzihesabu noti. Akaziweka juu ya redio, akasema:

"Wewe ulikuwa mdogo, hukumbuki. Baba alikuwa mtu wa lori: leo Kongo, kesho Juba. Akirudi, anaiwasha. Zile taa zilichelewa kupata moto, dakika nzima redio haisemi. Basi ananiita: 'Siraji, njoo tungoje.' Ananipakata. Ikianza kusema tu, ananiteremsha: nenda ukacheze, nasikiliza habari."

Akavuta pumzi.

"Habari nazipata kwa simu, Sadiya. Mimi nilitaka ile dakika."