Pakiti Thelathini za Mwiko

"Umeniletea chakula au maji ya kuoshea vyombo?"

Mzee aliinua kijiko, akakiinamisha juu ya bakuli. Maji yalidondoka kwanza, meupe meupe. Oti za uji zikafuata moja moja, kama wageni wasiojuana. Alilisukuma bakuli hadi katikati ya meza, akakunja mikono kifuani.

Bintiye alichukua kijiko, akakoroga tena. Mbele yake zilikuwa zimelala pakiti kumi za nailoni alizokwisha kuziba tangu asubuhi, na nyingine ishirini zilikuwa bado midomo wazi. Jana alikuwa amekaa saa nne nzima kwenye basi, mfuko wa oti mapajani, kopo la maziwa ya unga kwapani. Thelathini kwa mwezi, moja kila asubuhi. Alikuwa amepiga hesabu hiyo njia nzima.

Miezi miwili nyuma, baba yake alikuwa amebandika sufuria jikoni akaenda kukaa barazani. Pazia likaungua, na nusu ya dari. Kaka mkubwa alikuja siku hiyohiyo, akaubeba mtungi wa gesi, akasema hana maneno mengi: mzee ahamie kwake, chumba cha nyuma kishapakwa rangi. Ni huyu binti aliyemwomba kaka amwache baba abaki nyumbani kwake mwenyewe. "Birika la umeme linajizima lenyewe," alisema. "Nitahakikisha anakula kabla ya dawa." Maana dawa za presha zilikuwa hazitaki tumbo tupu.

Basi akawa anamnunulia zile pakiti za uji wa oti za dukani, unamimina maji ya moto, unakoroga, unakula. Mzee alizila kwa kununa, lakini alizila. Kisha kiwanda cha sare alikokuwa akishona kikapunguza kazi hadi siku tatu kwa wiki. Bei ya boksi moja la pakiti nane ilikuwa sawa na ya mfuko mzima wa oti. Hapo ndipo alipojiambia kwamba kilichomo ndani ya pakiti ile kimetiwa na mikono ya watu, naye mikono anayo.

"Baba, usipokula humezi dawa."

"Basi nisimeze."

Simu ikaita. Alikuwa kaka.

"Vipi, anakula?"

Alilitazama bakuli. Uongo ulikuwa karibu, ungetoka kwa neno moja tu. "Nipigie saa nane," akasema, akakata.

Aliiweka simu mezani. Huyu aliyemnunia alikuwa amepikia wafanyakazi mia nne kwenye kantini ya reli kwa miaka ishirini na sita. Walimwita Mwiko, kwa sababu ya ule mwiko wake uliomfika kifuani, na kwa sababu kuikosoa chumvi yake kulikuwa mwiko kwelikweli. Leo alikuwa anapelekewa pakiti kama mgonjwa wa wodi.

"Haya," binti akasema. "Niambie nimekosea wapi."

Mzee aligeuza uso. Ulikuwa muda mrefu hajaulizwa kitu kingine zaidi ya kama amelala vizuri na kama amemeza dawa.

"Umesaga?" akauliza mwishowe, kwa sauti ya chini.

"Nisage nini?"

"Oti, mama! Umezitia nzimanzima kama anayelisha farasi. Gawa mafungu matatu. Fungu moja lisage liwe unga. Unga ndio unaoshika maji. Hizo nzima ni za meno tu, mtu ajue kwamba ametafuna."

Binti alivuta mkasi. Akazikata pakiti kumi moja baada ya nyingine, kazi ya asubuhi nzima, akazimwaga zote kwenye beseni. Hakupumua hadi ya kumi. Mzee alimtazama kwa pembe ya jicho, na mikono yake ikafunguka kifuani.

"Lete kinu cha viungo. Kipo chini ya sinki."

Alitwanga mwenyewe. Alianza polepole, kisha mkono ukakumbuka. Unga ukapanda hewani ukamkaa kwenye nyusi, naye akaendelea kuamuru huku akitwanga. Zabibu kavu zikatwe, nzima hazilainiki kwa maji ya birika. Mdalasini uwe wa kuonekana kwa shida. Binti alipotaka kumwaga chumvi na sukari kwenye beseni, mzee alimshika kifundo cha mkono.

"Unataka kuniua? Chumvi ikiingia humo itashuka chini yote. Pakiti ya kwanza nitatafuna karatasi, ya mwisho nitakunywa bahari. Kila pakiti ipimiwe ya kwake."

Wakapima. Vijiko vitano vya oti, viwili vya maziwa ya unga, sukari nusu, chumvi ya ncha ya kisu. Binti aliwasha pasi kwa moto mdogo, akatandika karatasi juu ya mdomo wa pakiti, akabonyeza, akahesabu hadi nne, akainua. Mstari ulitoka mnyoofu, bila kunyauka.

Mzee aliivuta pakiti kwa mikono miwili. Haikuachia.

"Umejifunza wapi?"

"Kola za mashati ya shule, tunazigandisha kwa pasi. Ukizidisha moto zinakunjamana, ukipunguza zinabanduka."

"Hm," alisema Mwiko. Watu wa kantini wangemwambia binti huyo kwamba hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Walipofika pakiti ya kumi na tisa, mzee aliacha kupima. Kijiko kilibaki hewani.

"Nilisikia harufu," akasema.

"Harufu gani, Baba?"

"Siku ile. Kaka yako anadhani nililala. Sikulala. Nilikaa pale barazani nikasikia harufu ya kitu kinaungua, nikasema moyoni, jirani leo kamwacha nani jikoni." Alikishusha kijiko. "Mimi. Nikamcheka jirani."

Binti alishika pasi bila kujua aiweke wapi. Alitaka kusema kwamba ni jambo dogo, linaweza kumtokea yeyote, lakini wote wawili walijua si hivyo. Aliisimamisha pasi, akakisogeza kiti chake hadi magoti yao yakagusana.

"Kumi na tisa," akasema. "Bado kumi na moja."

Mzee alijifuta nyusi, akachota.

Saa nane kamili simu iliita. Mzee alikuwa amefunika bakuli la pili kwa kisahani, kiganja chake juu, na kila binti aliponyoosha mkono alimpiga vidole. "Dakika tatu! Hujafundwa?"

"Anakula?" aliuliza kaka.

"Hivi sasa hakuna anayeruhusiwa kula," alijibu. "Mwezi huu atakaa hapa, kaka. Nikija mwezi ujao nitaangalia pakiti ngapi zimebaki. Zikizidi inavyotakiwa, nitakupigia mwenyewe. Sitakuficha."

 "Sawa," kaka akasema. "Mwezi."

Binti alikuwa amerudi kwake; Jumatatu haikuwa siku yake ya kazi. Aliamka hata hivyo, akaoga, akakaa kitandani na simu. Baba yake alipokea kwa mlio wa tano. Nyuma yake birika lilikuwa likivuma, kisha likajizima, *tak*.

"Umeshakula, Baba?"

"Ngoja," mzee alisema. "Nina kazi."

Akasikia simu ikiwekwa mezani. Akasikia pakiti ikichanwa, maji yakimiminwa, kisahani kikigonga ukingo wa bakuli. Kisha kimya kirefu. Huenda mzee alikuwa amesahau kwamba kuna mtu upande wa pili. Huenda alikuwa amemwachia mlango wazi makusudi. Binti hakuita. Aliiegemeza simu sikioni, akavuta shuka hadi magotini, akasikiliza dakika moja, mbili, tatu.

Kijiko kikaanza.